Pikipiki ya Mjomba, Matatu za Buruburu na Gunia Lililo Chini ya Kitanda

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, na sababu si kazi ya programu. Nilikuwa nauza pikipiki. Si yangu, ni ya mjomba, hapa Buruburu.

Mjomba alinipigia simu Jumapili jioni. "Kijana wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Niuzie ile pikipiki. Binti yangu ameitwa chuo cha uuguzi na karo inatakiwa mwisho wa mwezi." Nikamwambia, mjomba, hiyo ni kazi ndogo. Nilikosea. Ilinibidi kwanza nijifunze historia, na ndiyo nataka tuongee leo.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha Drag Star 400 ya mwaka 1998. Ni ile aina inayoitwa krusa: kiti cha chini, usukani mpana, dereva anakaa kama yuko kwenye kochi. Mtindo huu ulitoka Marekani kwa Harley-Davidson, kampuni iliyoanza Milwaukee mwaka 1903. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa huko, wengi wao askari waliorudi nyumbani, walinunua pikipiki kuukuu wakakata vyuma visivyohitajika ili ziwe nyepesi. Kwa hiyo kubadilisha krusa ni desturi ya zamani. Wajapani waliingia baadaye: Yamaha wakatoa Virago mwaka 1981, Honda wakafuata na Shadow mwaka 1983. Kwa nini nyingine zina injini ya 400? Kwa sababu huko Japani leseni ya daraja la kati inaishia 400cc, basi viwanda vikatengeneza pikipiki za kutosha leseni hiyo.

Sasa turudi Eastlands. Mjomba aliinunua mwaka 2005 kwa fundi wa ndege aliyekuwa akiishi Donholm. Wakati huo mapambo ya barabarani yalikuwa na msiba. Wenye umri mnakumbuka: matatu ziliruhusiwa rasmi na Mzee Kenyatta mwaka 1973, na miaka iliyofuata zikageuka kuwa jumba la sanaa linalotembea, hasa za huku kwetu. Halafu Februari 2004 zikaja Sheria za Michuki. Mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikapigwa marufuku. Sheria zilikuwa na maana yake, watu walikuwa wanakufa barabarani, lakini wachoraji walibaki na brashi mkononi bila kazi. Ilichukua takriban miaka kumi hadi Rais Uhuru Kenyatta aiunge mkono sanaa hiyo hadharani.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa jirani ya mjomba. Hana matatu ya kuchora, mjomba ana tangi jeusi lisilo na kitu. Matokeo mnaweza kuyakisia. Tangi likawa la rangi ya damu ya mzee, na simba juu yake. Fundi wa viti vya matatu akashona kiti cha ngozi. Mafundi wa Kariobangi Light Industries wakachomelea usukani mrefu na ekzosi mbili zinazounguruma mpaka watoto wanakimbia dirishani. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Mjomba alihesabu gharama zote, akaongeza bei ya kununulia, akaniambia tuanzie 700,000. Nikaweka tangazo. Simu zikalia. Watu wakaja, wakapiga picha na simba, wakaenda zao.

Nilijifunza mambo matatu.

La kwanza, mapambo hayalipwi. Ulichobadilisha kwa mapenzi yako, mwenzako anaona kazi ya kurudisha. Sisi waandika programu tunajua hili: ukichukua programu ya watu ukaibadilisha kila mahali, inakuwa yako kweli, lakini siku ikiharibika hakuna mwingine anayeijua.

La pili, kilomita chache si afya. Odometa ilisoma 14,200 na nilitangaza kwa fahari. Mnunuzi mmoja, mzee mtulivu kutoka Umoja, hakuitazama hata. Aliinama kwenye tairi akasoma tarakimu nne: 3409. Wiki ya 34, mwaka 2009. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Kisha akafungua tangi akanusa. Petroli iliyolala huacha gundi ndani ya kabureta. Alituonyesha bila dharau, na mjomba akanyamaza.

La tatu ndilo lililotutoa jasho: logbuku. Ilisema rangi nyeusi, na jina lilikuwa la yule fundi wa ndege. Mjomba hakuwahi kubadilisha! Sheria ya Trafiki inatoa siku 14. Alikuwa na fomu ya karatasi iliyotiwa sahihi mwaka 2005, ameihifadhi kwenye Biblia. Enzi hizo watu wengi walifanya hivyo: unapewa fomu iliyosainiwa, unaiweka, utaijaza ukiuza. Lakini NTSA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ukaja mfumo wa TIMS, na mwaka 2023 huduma zikahamia eCitizen. Sasa mwenye jina kwenye rekodi ndiye anayeanzisha uhamisho kutoka akaunti yake mwenyewe. Ile karatasi ya mjomba ikawa kumbukumbu tu. Hakuna aliyemwibia. Dunia ilihama na yeye hakuhama nayo.

Tulimtafuta fundi wa ndege siku sita. Tulimpata Mombasa kupitia kwaya ya kanisa lake la zamani. Mungu ambariki, alikubali, na kijana wake akamsaidia kwenye simu. Jina likaja kwa mjomba, kisha tukapeleka pikipiki kukaguliwa ili rangi irekebishwe.

Yule mzee wa Umoja alirudi. Akauliza swali moja: "Vyuma vyake vya asili viko wapi?" Mjomba aliingia chumbani akavuta gunia chini ya kitanda. Usukani wa kiwandani, ekzosi, kiti, hata skrubu ndani ya kopo la Kimbo. Miaka ishirini! Mzee akavihesabu kimoja kimoja, akatoa 410,000. Kabla ya gunia alikuwa amesema 340,000.

Ndugu wasomaji, mimi hulipwa kuwaambia watu wahifadhi nakala ya kwanza kabla ya kubadilisha chochote. Mjomba ambaye hajui nakala ni nini alikuwa amefanya hivyo tangu 2005, isipokuwa kwa karatasi, ambayo ndiyo ilihitaji kubadilishwa.

Karo ililipwa siku mbili kabla ya mwisho. Na simba? Mzee alisema atarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, ila tangi hataligusa. Jana jioni nilisikia mngurumo Rabai Road. Mjomba alikuwa barazani. Hakuinua kichwa, lakini aliacha kusoma gazeti mpaka sauti ikapotea.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe kaangalie logbuku yako leo.