Shakespeare: Kazi London, Kwao Stratford

William Shakespeare alibatizwa Aprili 26, 1564, Stratford-upon-Avon, kilomita 40 hivi kusini mwa Birmingham. Riziki aliitafuta London, safari ya siku kadhaa kwa farasi. Huko aliigiza, akaandika, na mwaka 1599 akawa miongoni mwa wenye hisa wa ukumbi wa Globe.

Stratford hakuipa kisogo. Mwanawe Hamnet alizikwa huko Agosti 1596, akiwa na miaka 11. Mwaka uliofuata baba mtu alinunua New Place, moja ya nyumba kubwa kabisa za mji huo. London alikuwa mpangaji tu. Mwaka 1604 aliishi Silver Street, kwa Mfaransa Christopher Mountjoy, fundi wa mapambo ya kichwa ya wanawake. Mountjoy aliposhtakiwa na mkwewe kwa fedha za ndoa alizoahidi, Shakespeare aliitwa kutoa ushahidi, mwaka 1612. Karani alimwandika kuwa mtu wa Stratford. Saini yake ipo chini ya maelezo hayo, ya haraka, jina limekatizwa. Ni vigumu kupata hati inayotuweka karibu naye zaidi ya hiyo.

Alifariki Stratford Aprili 1616. Tamthilia zake zilikusanywa kitabuni mwaka 1623, na nakala moja ya chapa hiyo ni mali ya wananchi wa Birmingham. Chumba cha kumbukumbu yake jijini humo kilijengwa mwaka 1882, kikahamishiwa juu ya maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2013. Wasomaji wa Kiswahili walimpata kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, mfasiri wa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.