Farasi wa Anghiari: Picha Iliyopotea Ikabaki kwa Nakala

Neno "nakala" halina heshima kubwa masikioni mwetu. Cheti halisi hufungiwa kabatini. Nakala yake hukunjwa na kutiwa mfukoni. Tukionyeshwa picha ya kale iliyochorwa upya na mkono mwingine, mara tunauliza ile ya kweli iko wapi. Lakini ipo picha ya farasi iliyosifiwa sana wakati wa Renesansi, yaani ule mwamko wa sanaa na elimu ulioanza Italia, ambayo leo tunaijua kwa nakala tu. Historia yake inatugusa sisi tunaoishi kwa Neno ambalo nalo lilitufikia kwa nakala.

Mwaka 1503 serikali ya mji wa Florence ilimpa Leonardo da Vinci kazi ya kuchora Vita vya Anghiari kwenye ukuta wa ukumbi wake mkubwa wa baraza. Vita hivyo vilipiganwa tarehe 29 Juni 1440, na Florence, ikisaidiwa na majeshi ya Papa, ikawashinda watu wa Milan. Wakuu wa mji walitaka kumbukumbu ya ushindi wao. Leonardo akawaonyesha ghadhabu. Katikati ya mchoro aliweka wapanda farasi wanne wanaogombea bendera moja, nyuso zao zimekunjamana, vinywa wazi. Farasi wao wamegongana vifua na wanaumana kwa meno, na chini ya kwato watu wanapigana mavumbini. Giorgio Vasari, aliyeandika habari za maisha ya wachoraji wa Italia, alisema kwamba hasira na kisasi vinaonekana kwa farasi kama vinavyoonekana kwa watu. Leonardo mwenyewe aliviita vita wazimu wa kinyama.

Kazi hiyo haikumalizika. Wachoraji wa wakati ule walizoea kupaka rangi juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, na njia hiyo humlazimisha mtu kwenda haraka. Leonardo alipenda kwenda polepole, akajaribu rangi za mafuta. Waandishi wa karne ile wanasimulia kwamba aliwasha moto ili ukuta ukauke. Chini ukakauka, lakini juu joto halikufika vizuri. Mwaka 1506 aliondoka kwenda Milan. Katika miaka ya 1560 Vasari yuleyule alipewa kazi ya kuutengeneza ukumbi, na kuta zake zikajazwa picha za vita vingine. Watafiti wa siku zetu walitoboa matundu madogo ukutani kuitafuta picha ya Leonardo, lakini mwaka 2012 kazi hiyo ilisimamishwa. Picha haijapatikana.

Kilichobaki ni kazi ya mikono ya wengine. Upo ubao uitwao Tavola Doria, uliochorwa kwa rangi na mtu ambaye jina lake halijulikani. Ndani yake zimo sehemu ambazo hazikukamilishwa. Mwaka 1558 Lorenzo Zacchia aliichonga picha ile kwenye bamba ili iweze kuchapwa. Kisha akaja Peter Paul Rubens, aliyezaliwa mwaka 1577, wakati Leonardo alikuwa amefariki tangu 1519 na ukuta umekwisha kufunikwa. Rubens alipata mchoro wa Mwitalia aliyemtangulia, akaongeza wino na rangi, hata karatasi yenyewe akaipanua. Karatasi hiyo iko katika makumbusho ya Louvre, Paris, na watu wengi wakitajiwa farasi wa Anghiari huwaona kwa mkono wa Rubens.

Anayetaka kumjua Leonardo hawezi kushika nakala moja tu. Huziweka pamoja, akatazama zinapokubaliana na zinapotofautiana. Wataalamu wa Biblia hufanya vivyo hivyo. Hakuna hata waraka mmoja wa Paulo tulio nao kwa karatasi aliyoiandikisha mwenyewe. Kwa Agano Jipya zipo nakala za Kigiriki zaidi ya 5,000, nzima na vipande, zenye tofauti nyingi ndogondogo, na kwa kuzilinganisha maneno ya kwanza yanatafutwa. Kipande kimoja cha Injili ya Yohana kilichoko Manchester, Uingereza, kinachokadiriwa kuwa cha karne ya pili, hakizidi kiganja cha mkono.

Lipo jambo moja ambalo wanakili wa Leonardo wote walilitunza. Wangeweza kuwatuliza farasi wale na kuwapa wapandaji nyuso za mashujaa, maana hizo ndizo picha ambazo wakuu hupenda. Hawakufanya hivyo. Na tukumbuke kwamba upande ulioshinda Anghiari ulikuwa na askari wa Papa. Aibu ya vita hivyo inaligusa Kanisa pia. Wanakili wa Maandiko nao walituachia Daudi na damu ya Uria, Petro akimkana Bwana wake, na wanafunzi waliosinzia Gethsemane.

Kazi hiyo sasa iko mikononi mwetu. Paulo alimwagiza Timotheo akabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu watakaowafundisha wengine (2 Timotheo 2:2). Wengine hao ni watoto na wajukuu wetu. Lakini usharika unapoandaa kitabu cha jubilei, mara nyingi picha za majengo hujaa, na habari za magomvi, za fedha zilizopotea na za watu waliotengwa bila haki huachwa, ati tusiwakwaze vijana. Vijana hao wakikutana na magomvi yao wenyewe hudhani kwamba wao ndio wa kwanza kuanguka, na hawajui jinsi Mungu alivyowainua wazee wao.

Mchoraji wa Tavola Doria hakuacha jina. Kwa sababu mtu huyo alikubali kuchora ghadhabu ile kama ilivyokuwa, sisi tuliokuja miaka 500 baadaye bado tunaiona. Wanaoandika habari za usharika wetu wawe na ujasiri wa namna hiyo, na sisi tusiwakasirikie watakapouonyesha.