Neno la Sifa Lililogeuka Kuwa Neno la Wasiwasi: Historia Fupi ya "Nervous"

Tuseme, mwalimu mwenzangu, kwamba unaandaa somo kuhusu historia ya uhakiki na mbele yako pana kitabu cha Kiingereza cha karne ya 18. Mhakiki anamtaja mshairi fulani na kusema kwamba mtindo wake ni "nervous". Unafungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, unakuta "-enye wasiwasi, -enye hofu", na unaandika ubaoni: mtindo wa mshairi huyu una wasiwasi. Wanafunzi wananakili. Kwa sentensi hiyo moja umemfanya mhakiki aseme kinyume cha alichokusudia, maana yeye alikuwa akimsifu mshairi kwa lugha yenye nguvu na misuli. Kamusi yako haikukosea. Inatoa maana ya leo, nawe ulikuwa ukisoma maandishi ya jana.

Neno hili lilifikaje huko? Asili yake ni Kilatini, "nervosus", linalotokana na "nervus". Kwa Warumi "nervus" ulikuwa ukano, ile kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa, na pia upote, yaani uzi wa upinde. Wagiriki nao walikuwa na "neuron" kwa maana hizo hizo. Ni kweli kwamba katika karne ya 3 kabla ya Kristo, huko Alexandria, matabibu Herophilus na Erasistratus walipasua miili na kuanza kutenganisha neva na kano, lakini jina lilibaki lile lile kwa vyote viwili. Jambo hili lisikushangaze. Neno letu "mshipa" hubeba mzigo unaofanana na huo: kuna mishipa ya damu, kuna mishipa ya fahamu, na anayebishana kwa hasira tunasema ametoa mishipa ya shingo. Mtu wa kawaida huona tu kamba ndani ya mwili na huipa jina moja. Ni daktari anayehitaji majina mengi.

Kwa kuwa ukano ndio unaovuta na kushika, mtu aliyekuwa "nervous" kwa Kiingereza cha zamani alikuwa mtu aliyekazana, mwenye nguvu. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyoandikwa na Shakespeare yapata mwaka wa 1600, mwanamfalme anaitwa na mzuka wa babake. Rafiki zake wanamzuia asiufuate. Yeye anajibu kwamba kila kijishipa cha mwili wake kimekuwa kigumu kama ukano wa simba wa Nemea, na neno analolitumia kwa ukano huo ni "nerve". Angalia muktadha huo vizuri. Ni usiku, pana mzuka, na kwa Kiingereza cha leo tungetarajia mtu wa namna hiyo aitwe "nervous" kwa sababu anatetemeka. Kwa Shakespeare neno hilo la mshipa ni la ushujaa.

Kiswahili kimepita njia iyo hiyo, ila hakikuiacha. Kukakamaa ni kuwa mgumu, kukazika kama msuli au maiti. Kutokana na kitenzi hicho tunapata mkakamavu, sifa ambayo watahiniwa wetu huwapa wahusika karibu katika kila jibu la fasihi, na wengi hawatambui kwamba wanazungumza kuhusu mwili.

Kutoka kwenye mwili, sifa hiyo ilihamia kwenye maandishi. Hugh Blair, mhubiri wa Scotland aliyefundisha balagha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alichapisha mihadhara yake mwaka wa 1783, nayo ikatumika kwa miaka mingi katika vyuo vya Uingereza na Marekani. Anapoainisha mitindo ya waandishi, Blair anaweka mtindo dhaifu upande mmoja na mtindo "nervous" upande wa pili. Mwandishi dhaifu, kwa maelezo yake, hana wazo lililomkaa sawasawa akilini, kwa hiyo maneno yake yanalegea. Yule wa pili amelishika wazo lake barabara na kila neno lake linavuta uzito. Huu ulikuwa msamiati rasmi wa uhakiki, kama sisi tunavyosema mtindo sahili au mtindo changamano.

Kwa nini basi sifa hii ilikufa? Jibu liko kwa matabibu. Mwaka wa 1664 Thomas Willis wa Oxford alitoa kitabu chake cha Kilatini kuhusu ubongo na neva, na baadhi ya michoro yake ilichorwa na Christopher Wren, yule msanifu wa majengo. Baada ya Willis, wasomi walianza kuona kwamba maradhi mengi ambayo zamani yalidhaniwa kutoka kwenye nyongo au tumbo la uzazi hukaa katika neva. Mwaka wa 1733 akaja George Cheyne, tabibu Mskoti aliyekuwa mnene kupita kiasi na aliyewatibu matajiri mjini Bath, akatoa kitabu alichokiita The English Malady, yaani ugonjwa wa Waingereza. Alidai kwamba karibu theluthi moja ya malalamiko ya watu wa tabaka la juu ni maradhi ya neva. Sababu alizitaja: hewa yenye unyevu, vyakula vizito, utajiri, kukaa bila kazi ya mikono, na maisha ya miji mikubwa iliyosongamana.

Hapa pana ujanja ambao mwalimu wa fasihi hapaswi kuupita. Cheyne alisema kwamba wanaougua hivyo ni watu wenye akili nyepesi na hisia kali. Mkulima mpumbavu, kwa hesabu yake, ni nadra aupate. Nani basi asingetaka kuugua? Ugonjwa ukawa alama ya daraja. Mmoja wa wagonjwa walioandikiana barua na Cheyne alikuwa Samuel Richardson, mtunzi wa riwaya za Pamela (1740) na Clarissa, ambamo machozi na kuzirai ni ushahidi wa roho safi. Riwaya ya hisia ya Kiingereza na elimu ya neva zililelewa nyumba moja.

Kwa muda maana mbili zilizopingana ziliishi pamoja. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka wa 1755, anaanza na maana ya nguvu, kisha inayohusu neva, na mwisho anaongeza maana ya mwenye neva dhaifu au zinazougua. Hiyo ya mwisho anaiwekea alama kwamba ni msemo wa matabibu, na alama yenyewe ni ya kudharau. Kwake yeye ilikuwa takataka iliyopenya mlangoni. Na tazama Edinburgh: katika miaka ya 1760 Robert Whytt, profesa wa tiba, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa "nervous", huku Blair katika chuo kicho hicho akiwafundisha vijana kwamba mtindo "nervous" ndio wenye nguvu. Mwanafunzi aliyehudhuria kwa wote wawili alilazimika kujua yuko darasa gani.

Matabibu walishinda. Jane Austen, katika Pride and Prejudice ya mwaka wa 1813, anamchora Bi Bennet akilalamikia neva zake kila anapokosa analolitaka, na mumewe anamjibu kwa kejeli kwamba neva hizo anaziheshimu kwa kuwa ni marafiki zake wa miaka mingi. Msomaji asingecheka kama maana ya ugonjwa haingekuwa imezoeleka nyumbani. Mwaka wa 1843 Mmarekani Edgar Allan Poe, katika hadithi fupi "The Tell-Tale Heart", anaanza na msimulizi aliyeua mtu. Anakiri kuwa yuko "nervous" lakini anakana kuwa ana wazimu. Anadai hali hiyo imemwongezea makali ya kusikia. Huyo bado ni mtoto wa Cheyne, anayejisifu kwa ugonjwa wake.

Leo maana ya nguvu imetoweka katika kivumishi, ingawa nomino imeikumbuka kidogo: kwa Kiingereza mtu mwenye "nerve" ni jasiri au hana haya. Kivumishi kimebaki na mambo mawili. Kuna mfumo wa neva, ambapo hakuna wasiwasi wowote, na kuna mtu anayetetemeka kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Usilichanganye na "anxious", ambalo lina shina la Kilatini la kukaba koo. Hilo huweza kukaa na mtu miezi na miaka, ilhali "nervous" mara nyingi hungoja tukio kisha hupita. Kwa Kiswahili ningetumia "wasiwasi" kwa lile la kukaba, na "kiherehere" au "kubabaika" kwa la mtihani, kutegemea kama ni moyo unaodunda au ni mikono inayopotea. Na ukikutana na mtindo "nervous" katika maandishi ya kabla ya katikati ya karne ya 19, jaribu kwanza "mtindo uliokakawana". Ukipatana na sentensi zinazoulizunguka, uache hapo.

Sisi wenyewe tuna neno lililosafiri upande wa pili. Kutaharuki ni kushtuka, kuingiwa na fadhaa. Shina lake la Kiarabu ni la mwendo, lile lile lililotupa harakati. Soko likiungua watu hutaharuki, na hakuna anayewapongeza. Lakini katika uhakiki wetu, "taharuki" imekuwa mbinu, na mwandishi anayeijenga vyema hupewa alama. Waingereza walichukua neno la sifa za mtindo wakalifanya la fadhaa. Sisi tulichukua la fadhaa tukalifanya la mtindo. Ndiyo sababu mtahiniwa anayeandika kwamba "mwandishi ametaharuki katika sura ya tatu" hukoselewa. Aliyetaharuki ni msomaji, na pengine mhusika. Mwandishi alikuwa ameketi, ametulia, akihesabu ni ukurasa gani atafungua mlango.