Ukuta Wenye Enzi Nne: Historia ya Nyaya za Umeme katika Nyumba Moja ya Jinja

Katika somo la Historia tunafundishwa kutafuta ushahidi katika nyaraka, masimulizi ya wazee na mabaki ya kale. Ushahidi wa insha hii niliupata ndani ya ukuta wa jiko la bibi yangu mjini Jinja, Uganda. Nakusudia kuonyesha kwamba nyaya za nyumba ya kawaida ni kumbukumbu ya historia, na kwamba mtu anayeunganisha waya mpya bila kuusoma ule wa zamani anahatarisha maisha ya wenye nyumba.

Chanzo cha uchunguzi huu ni ajali. Wakati wa likizo, mama mdogo alipanda kwenye kiti kubadilisha balbu ya jikoni. Alizima swichi kwanza, kama tulivyofundishwa sote. Hata hivyo, kidole chake kilipogusa shaba ndani ya holda, umeme ulimpiga, akaanguka na kuvunjika mkono. Jirani mmoja alisema katika jambo hilo kuna mkono wa mtu. Mjomba wangu, ambaye ni fundi umeme mwenye kibali, alijibu kwamba ni kweli mkono wa mtu upo, ila ni wa fundi aliyetangulia.

Kesho yake alizima swichi kuu, akapima kwa testa kuhakikisha umeme haupo, kisha tukaanza kufungua ukuta. Nilitarajia kuona waya wa aina moja. Tulikuta wa aina tatu, na wa nne tuliukuta dukani. Nitaueleza kila mmoja kwa zamu yake.

Enzi ya mpira

Waya wa zamani kuliko yote ulikuwa ndani ya bomba la chuma. Shaba yake ilikuwa imefunikwa kwa mpira, na juu ya mpira kulikuwa na kitambaa cha pamba kilichosukwa. Mjomba alipoukunja kidogo tu, mpira ulipasuka na kumwagika kama makombo ya mkate mkavu, shaba ikabaki uchi.

Nyumba ile ilijengwa katika miaka ya 1950, wakati Jinja ilipokuwa ikikua upesi. Bodi ya Umeme ya Uganda ilianzishwa mwaka 1948, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Bwawa lilipangiwa mitambo 10 ya megawati 15 kila mmoja. Vitabu vyetu vya shule husimulia sana habari za bwawa hilo. Havisimulii umeme ulipitia wapi baada ya kuingia mlangoni.

Ulipitia katika mpira, na mpira una historia yake. Waya mtupu wa shaba unaweza kubeba umeme hewani, juu ya nguzo, lakini ndani ya nyumba unahitaji gamba la kuutenga na ukuta na mikono ya watu. Nyaya za kwanza za simu za maandishi zilizolazwa chini ya bahari, kama ile iliyofika Zanzibar mwaka 1879, zilitengwa kwa gutapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa nyaya za nyumbani ulitumiwa mpira uliochanganywa na salfa na kupikwa. Mwishoni mwa karne ya 19 mpira ulitafutwa sana duniani, kwa matairi na kwa nyaya za umeme na simu, na jirani zetu wa Kongo waliulipia kwa damu. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kuanzia 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kuleta mpira wa msituni kwa kutekwa wake zao, kwa viboko na kwa kukatwa mikono. Sisemi kwamba mpira wa ukuta wa bibi ulitoka Kongo, kwa kuwa kufikia miaka ya 1950 mpira mwingi ulitoka katika mashamba ya Asia. Nasema tu kwamba miji ya Ulaya ilipoanza kuwaka taa, sehemu ya gharama ililipwa na watu ambao hawakuwa na taa.

Mpira una kasoro nyingine: huzeeka. Joto na hewa huukausha, na baada ya miongo kadhaa hauwezi tena kuaminiwa. Waliotandaza nyaya zile hawakukosea. Walitumia kitu bora walichokuwa nacho, wakakipitisha katika bomba la chuma. Walifuata desturi ya kanuni za Uingereza, ambazo zilizaliwa kwa hofu ya moto. Mwaka 1882, taa za umeme zilipokuwa bado ngeni, chama cha wahandisi wa umeme cha London kilitoa kanuni za kwanza za kuzuia moto utokanao na taa hizo, na mwaka huohuo kampuni ya bima ya moto ya Phoenix nayo ilikuwa na kanuni zake. Kwa hiyo bima na wahandisi walianza kutunga kanuni za nyaya mara tu taa zilipoanza kuingia majumbani.

Enzi ya uhaba

Aina ya pili ilinisikitisha zaidi. Kutoka kwenye soketi ya zamani mtu alikuwa amevuta waya mwembamba wa kupindika, aina ile ya pasi, akauzika katika plasta bila bomba. Maungio yalikuwa yamesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Plasta iliyoyazunguka ilikuwa nyeusi.

Nilimuuliza bibi kazi hiyo ilifanywa lini. Alijibu, "Mjukuu wangu, hiyo ni ya wakati wa Amin. Sabuni yenyewe tulikuwa hatuipati, tungepata wapi waya?" Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Wengi wao walikuwa wenye maduka, yakiwemo ya vifaa vya ujenzi. Bidhaa kutoka nje ziliadimika, na mafundi wakatumia walichokiona.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia ya Uganda anapaswa kulitafakari. Tulikuwa na shaba yetu wenyewe. Mgodi wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese. Madini yalisafirishwa kwa reli hadi Jinja, yakayeyushwa katika kiwanda kilichotumia umeme wa Owen Falls, kisha shaba ikapelekwa Mombasa na kuvuka bahari. Basi katika mji mmoja kulikuwa na umeme na kulikuwa na shaba, na bado bibi yangu alifunga maungio kwa mpira wa baiskeli. Kuyeyusha shaba ni hatua moja, na kuivuta iwe waya na kuivika gamba ni hatua nyingine, na hiyo ya pili ndiyo tuliyoikosa. Uzalishaji wa Kilembe nao ulishuka katika miaka ya 1970, na mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Uhaba uliacha alama nyingine katika kisanduku cha fyuzi. Fyuzi za kale zilikuwa na kipande chembamba cha waya ambacho huyeyuka umeme unapozidi kiasi. Kazi yake ni kuulinda waya ulio ukutani, maana joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Kipande cha fyuzi kilipoyeyuka na dukani hakuna kingine, mtu aliweka uzi mnene wa shaba. Tangu siku hiyo fyuzi haikukatika tena, na watu wa nyumbani wakafurahi. Kumbe sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme ilikuwa imehama kutoka kwenye kisanduku na kuingia ndani ya plasta.

Enzi ya rangi mbili

Aina ya tatu ndiyo iliyomwangusha mama mdogo. Jiko liliongezwa miaka michache iliyopita, na fundi alitumia waya mzuri wa plastiki ya PVC. Plastiki hiyo ilianza kuenea katika nyaya baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa mashamba ya mpira ya Malaya yalikuwa yametekwa na Wajapani mwaka 1942 na viwanda vikalazimika kutafuta kitu kingine. Haikauki upesi kama mpira, na hupakwa rangi yoyote kwa urahisi. Balaa lilitokana na rangi hizo.

Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao tuliurithi, waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi, na ethi ya kijani. Katika umeme wa njia tatu, nyaya za moto zilikuwa nyekundu, njano na buluu. Ujerumani, kwa upande wake, kwa miaka mingi ilitumia nyekundu kuwa rangi ya waya wa kinga, yaani ethi. Fikiria kifaa kikivuka mpaka kati ya nchi mbili za namna hiyo! Ndiyo maana nchi za Ulaya zilikubaliana juu ya rangi mpya: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Uingereza ilianza na nyaya za vifaa karibu na mwaka 1970, lakini nyaya za ukutani zilibadilishwa kuanzia 2004, na rangi za zamani zikakoma kwa kazi mpya mwaka 2006. Rangi hizo mpya zimefika katika maduka yetu pia.

Sasa tazama mtego uliopo. Buluu, ambayo zamani ingeweza kuwa moto, leo ni nyutro. Nyeusi, ambayo zamani ilikuwa nyutro, leo ni mojawapo ya nyaya za moto katika njia tatu. Fundi wa jikoni alikuta waya mwekundu na mweusi vikitoka ukutani. Aliunganisha kahawia na nyeusi, buluu na nyekundu. Taa iliwaka, kwa kuwa balbu haijali umeme unaingia upande gani. Lakini swichi ilikuwa imewekwa kwenye kahawia, na kahawia sasa ilikuwa nyutro. Ukizima swichi taa huzimika, huku moto ukibaki umesimama ndani ya holda ukimngoja mtu.

Nilikuwa tayari kumlaumu fundi huyo kwa ujinga. Mjomba alinikataza. "Si mjinga huyu, mpwa wangu. Alifundishwa rangi za leo, hakufundishwa za jana. Na hakupima." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo kosa lenyewe. Rangi ni makubaliano ya watu, na makubaliano hubadilika. Testa haiangalii rangi.

Enzi ya shaba bandia

Tulipokwenda dukani kununua waya mpya, muuzaji alituonyesha roli mbili zilizofanana kwa rangi na maandishi, moja ya bei nafuu sana. Mjomba aliinyanyua ile ya nafuu, akaiona nyepesi. Akaikwangua shaba kwa kisu: ndani ilikuwa nyeupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba.

Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule hupata joto zaidi. Isitoshe, hutanuka na kusinyaa zaidi ya shaba, hivyo skrubu za soketi hulegea kidogo kidogo hadi cheche zinaanza. Marekani ilijifunza hayo kwa gharama. Kati ya 1965 na 1973, bei ya shaba ilipopanda, nyumba nyingi huko ziliwekewa nyaya za alumini, na maungio yake yakawa chanzo cha moto. Lakini Wamarekani walijua wananunua alumini, na sisi tunauziwa kwa jina la shaba.

Mjomba alichagua kwa hesabu, si kwa bei. Birika la wati 2,000 kwenye volti 240 huchukua ampea 8 na zaidi kidogo. Pasi ya wati 1,000 huongeza 4. Kwa taa alinunua waya wa milimita mraba 1.5, kwa soketi 2.5, na kwa jiko la umeme 6, akipima pia umbali kutoka kwenye kisanduku. Alinunua vilevile kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30, kwa sababu fyuzi humlinda waya, haimlindi mtu.

Fedha za bibi hazikutosha nyumba nzima. Aliomba jiko tu litengenezwe, mengine yaendelee kama yalivyo. Mjomba alikataa kuunganisha waya mpya na ule wa mpira, wakabishana hadi jioni. Mwishowe jiko na sebule vilipata nyaya mpya, na vyumba viwili vya kulala vikakatiwa umeme kabisa. Bibi alilala kwa taa ya sola karibu muhula mzima, na hakuacha kulalamika, mpaka mama na ndugu zake walipochanga.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, kila waya niliouona ulikuwa uamuzi wa mtu aliyebanwa na wakati wake: mpira wa ukoloni, uhaba wa miaka ya 1970, makubaliano ya rangi ya Ulaya, na soko la leo lenye udanganyifu. Wa kwanza ulikuwa salama siku ulipowekwa, na hata ule wa PVC haukuwa na kasoro yenyewe. Ajali ilitokea mahali enzi mbili zilipounganishwa na mtu aliyeijua moja tu. Nadhani hilo ni kweli kwa mambo mengi tunayoyasoma katika somo letu, ila hapa kosa linaweza kuua mchana huohuo.

Kabla ya kufunga kisanduku kipya, mjomba alipima ethi, akapima kama moto uko upande wake katika kila soketi, kisha akaandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko: tarehe, ukubwa wa kila waya, rangi na maana yake, na vyumba ambavyo bado vina nyaya za zamani. Nilimuuliza anamwandikia nani. Akasema, "Fundi atakayekuja mimi nikiwa sipo."