Jina la Baba Siku ya Nikaha: Watoto wa Njia ya Tunduma



Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma, mkoa wa Songwe. Wengi mnajua kuwa napeleka mashela na mabaibui kwa wateja wangu wa huko, na wengine wanatoka Nakonde, Zambia, kwa sababu mpaka uko hatua chache tu kutoka madukani. Safari hii mteja wangu mmoja, mama wa makamo, aliniomba nimsindikize kwenye nyumba ya watoto yatima anayoipelekea mchele na sabuni. Nilidhani tutatoa zawadi, tupige picha mbili tatu, turudi sokoni. Nilikaa mpaka adhuhuri ikaingia, na kilichonikalisha ni gauni la mtoto.

Mlezi wa nyumba ile ana kabati la mbao lenye kufuli. Ndani yake kila mtoto ana mfuko wake, na ndani ya mfuko mna nguo aliyokuwa ameivaa siku alipoletwa, pamoja na karatasi: alikutwa wapi, siku gani, nani alimleta, alitamka maneno gani na kwa lugha ipi. Aliposikia mimi ni fundi akanitolea gauni la mtoto wa kike wa miaka kama minne, aliyekutwa peke yake kituo cha mabasi. "Hebu liangalie hili, dada, uniambie unaona nini."

Niliona kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Upindo umeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine. Na mbele, pale kifuani, kulikuwa na alama za mshono uliofumuliwa, mshono ambao nguo ya mtoto haina haja nao. Lile gauni lilikatwa kutoka nguo ya mwanamke mzima. Nikamwambia, huyu ana mama au bibi aliyekata nguo yake mwenyewe ili amvishe. Akanijibu, "Ndiyo maana hatuzitupi. Mtoto akikaa mwaka mmoja sura inabadilika. Nguo haibadiliki."

Niliporudi Unguja nikaanza kusoma habari za njia ile, na nilichokisoma kimenikalia moyoni, kwa sababu mwisho wa njia ile ulikuwa hapa kwetu.

Tunduma iko kwenye ule ukanda wa nchi kavu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa pande zile ni Wanyamwanga na Wanyiha, pamoja na makabila mengine. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wao, na skuli tulifundishwa kipande chetu tu, kwamba ndio uliotuweka Wazanzibari chini ya himaya ya Mwingereza. Karatasi hiyohiyo ndiyo iliyochora mpaka kati ya maziwa mawili yale. Wanyamwanga wakajikuta nusu yao kwa Mjerumani na nusu kwa Mwingereza, na mpaka leo mtu anaweza kuwa na shangazi Tunduma na bibi Nakonde. Kwa hiyo mtoto akipotea pale, swali la kwanza la walezi si yeye ni wa nchi gani. Wanauliza ukoo.

Kabla ya mpaka kulikuwa na misafara. Pembe za ndovu na watu vilipita ukanda ule na nchi za kando yake kuelekea pwani. Ng'ambo ya mto Songwe, kule Karonga, alikaa mfanyabiashara aitwaye Mlozi, Mswahili, Mwislamu kama sisi, mwenye boma lake na watumwa ndani yake. Vita vyake na Waingereza vilianza mwaka 1887 na vikaisha Desemba 1895, boma lilipovunjwa, yeye akanyongwa, na watu waliokuwa wamefungwa ndani wakatolewa. Nayaandika haya nikijua wapo watakaoudhika. Lakini siwezi kuandika habari za mayatima wa Songwe nikajifanya sijui nani aliwafanya mayatima wa zamani.

Na wengi wao walikuwa watoto. Katika nchi ya Wanyiha, ambayo sasa ni wilaya ya Mbozi, alikaa mwanamke aliyechukuliwa utotoni kutoka nchi ya Wabisa, kusini, wakati wa vita. Alipita mikono ya watu mbalimbali. Habari zake ziliandikwa na mmisionari wa Kimoravian aitwaye Elise Kootz-Kretschmer, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akazitoa tena katika kitabu chake cha maisha ya wanawake watumwa wa pande hizi. Kitabuni ana majina matatu yaliyofuatana: Chisi Ndjurisiye Sichyajunga. Nimeyasoma majina hayo mara nyingi. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na kila moja linajua lilikotoka.

Kutoka nchi hiyohiyo ya Wabisa alitekwa kijana mwingine, Petro Kilekwa, ambaye habari zake mwenyewe zilichapishwa mwaka 1937. Mama yake aliwafuata waliomteka akiwa na nguo mkononi ili amkomboe, maana kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya bara. Wakamwambia hakitoshi. Dada zangu, mimi nakata kitambaa kila siku, vipande vinavyobaki nafagia. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikaenda kuinjika chai.

Kilekwa aliletwa mpaka baharini, akapakiwa jahazi, akakamatwa na manowari ya Waingereza karibu na Maskati, na hatimaye akaletwa Kiungani, hapahapa Unguja.

Kiungani mnaijua. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa skuli ile. Baadaye ikaja Mbweni kwa ajili ya wasichana, na mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, soko la watumwa likafungwa na kanisa likaanza kujengwa palepale Mkunazini. Watoto wale walilishwa, wakavishwa, wakasomeshwa. Mtu mwadilifu atakiri hilo ni jema. Pia walipewa majina mapya na dini mpya, na wengi hawakuiona tena nyumba walikotoka. Mmoja wa wale watano wa kwanza tunamjua kwa jina la John Swedi. Mama yake alimwita nani?

Na tusiwaseme wamisionari peke yao. Majumba yetu ya Mji Mkongwe yalijaa akina Mabruki, Feruzi, Faraji na Baraka, majina mazuri yenye maana ya heri, lakini wengi wa waliokuwa nayo hawakupewa na wazazi wao. Walipewa na aliyewanunua.

Watoto wenyewe hawakusahau. Mwaka 1887 mwalimu wao, A. C. Madan, alitoa kitabu cha habari za maisha yao, zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe. Wanaeleza kijiji, wazazi, siku ya kukamatwa. Na walipopata nafasi ya kurudi, wapo waliorudi. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la waliokombolewa kutoka Unguja, nia ikiwa kuwarudisha pande za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa hapo. Hawakufika mpaka mwisho wa njia, lakini angalau waliisogelea.

Sasa sisi dini yetu ilikuwa na la kusema juu ya jambo hili karne nyingi kabla ya Kiungani, na hapa ndipo naona tumejisahau. Zayd bin Haritha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mtoto wa kabila la Kalb. Alitekwa akiwa safarini na mama yake, akauzwa soko la Ukadh, akafika kwa Bi Khadija, naye akampa Mtume (S.A.W) walipooana. Baba yake alimtafuta miaka. Mahujaji wa kabila lake wakamtambua Makka, wakapeleka khabari, na baba na ami yake wakaja na mali ya kumkomboa. Mtume hakutaka fidia. Alisema mtoto achague mwenyewe. Zayd akachagua kubaki, na baba yake akaondoka na moyo uliotulia, kwa sababu amemwona, anajua yuko wapi na yuko kwa nani. Watu wakamwita Zayd bin Muhammad mpaka zilipoteremka aya za sura ya Al-Ahzab, ya 4 na ya 5, zilizoamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wawe ndugu zetu katika dini. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Kilichorudi ni jina.

Hii ndiyo kafala. Unamlea, unamsomesha, unamwoza, lakini humfutii nasaba yake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inaitambua kafala, na hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 umeitaja kwa jina lake. Kule bara wana Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009. Hiyo inawataka wafanyakazi wa makao ya watoto na afisa ustawi wa jamii wamsaidie mtoto arudi kwa wazazi au jamaa zake, na kama haiwezekani atafutiwe malezi katika familia nyingine. Yaani makao ni pa kupita. Mlezi wa Tunduma alinambia hilo ndilo watu hawaelewi, wanaleta magodoro lakini hakuna anayeleta nauli ya kumpeleka mtoto kijijini kwa bibi yake. Pia alinambia, bila kuficha, kuwa kuna watoto ambao hatawarudisha walikotoka kwa sababu ya waliyofanyiwa huko. Hao anawatafutia kwa ami, kwa khalati, au kwa watu wengine kabisa. Hata wao mifuko yao ipo kabatini.

Kwa nini nawaandikia ninyi mabibi harusi? Miaka michache nyuma nilimshonea shela msichana mmoja wa hapa Unguja. Mahari imekwishatolewa, kadi zimekwishagawiwa. Siku tatu kabla ya nikaha, bibi mmoja wa ukoo akasema maneno yaliyofichwa miaka ishirini na mbili: yule baba aliyemlea, ambaye jina lake liko kwenye kadi na kwenye cheti cha kuzaliwa, si baba yake wa damu. Hakuwa na nia mbaya. Alimchukua mtoto mchanga, akampenda, akampa jina lake. Lakini hakuwa walii wake, na hakuna aliyejua jamaa zake wako wapi. Ikabidi waende kwa kadhi, na kadhi ndiye aliyemwozesha, maana asiye na walii, hakimu ndiye walii wake. Ndoa ilipita, alhamdulillah. Lakini nilikuwepo nikimfunga vifungo vya mgongoni, nikausikia mgongo ule ukitetemeka. Aliniuliza, "Dada, mimi binti nani?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo ukiolewa na ukajaaliwa wewe na mumeo kumchukua mtoto, mwambie mapema, kwa upole, kwa kadiri ya umri wake. Mwache na jina la baba yake kama linajulikana. Kama bado mchanga, hajafika miaka miwili, na una maziwa, au dada yako anayo, mnyonyesheni. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni mara tano, na waulizeni masheikh masharti yake, kwani huo ndio mlango wa kuwa mahram ndani ya nyumba. Urithi haumfikii kwa kafala, lakini wasia upo, mpaka thuluthi ya mali, na uandikwe ukiwa hai na mzima, si siku ya kuugua. Na usiitupe nguo aliyokuja nayo. Najua inanuka, najua umemnunulia nzuri zaidi. Ifue uiweke.

Kabla sijaondoka Tunduma mlezi alinipa kazi, na ndiyo ninayoimalizia sasa baada ya oda za harusi: mifuko arobaini ya kitambaa cha marekani, kila mmoja na kifuko kidogo ndani cha kutilia karatasi. Juzi alinipigia simu kuuliza imefika wapi. Katika mazungumzo akaniambia kuna bibi amepatikana upande wa Nakonde, anasema mjukuu wake alipotea safarini. Hawajamwonyesha mtoto bado. Wamemwomba kwanza aeleze gauni, na amesema upindo aliushona yeye, kwa mkono, kwa sababu cherehani iliharibika, na uzi wa rangi ile ulikuwa umekwisha.