Ufupi si Upungufu: Mchezo Mfupi wa Kuigiza katika Historia

Wahakiki wetu wa fasihi ya Kiswahili wameizoea riwaya, wameuzoea ushairi, na katika uwanja wa tamthilia wameielekea zaidi michezo mirefu, mathalani Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliyochapwa mwaka 1969. Mchezo mfupi wa kuigiza umeachwa pembeni. Ukitajwa, hutajwa kama zoezi la mwanafunzi, au kama ngazi ya kuufikia mchezo ulio kamili. Makusudio ya makala haya ni kuupinga mtazamo huo kwa ushahidi wa historia. Nitajaribu kuonyesha kwamba mchezo mfupi una kanuni zake wenyewe, na kwamba kanuni hizo hazikutungwa na wananadharia. Zilitokana na hali za watu waliokuwa na jambo zito la kusema ilhali hawana jumba, hawana fedha, na mara nyingine hawana ruhusa.

Yafaa tuanze na mfano wa mbali, kwa kuwa unayaangaza mengi yaliyo karibu. Mnamo tarehe 27 Desemba 1904 jumba la Abbey lilifunguliwa mjini Dublin, wakati Ayalandi ingali chini ya utawala wa Uingereza. Usiku huo haukuonyeshwa mchezo mmoja mrefu. Ilionyeshwa michezo mitatu mifupi: On Baile's Strand wa W. B. Yeats, Spreading the News wa Lady Gregory, na Cathleen ni Houlihan, ambao ulikuwa umekwisha kuigizwa mwaka 1902. Katika majumba ya London ya zama hizo mchezo mfupi ulikuwa kitangulizi tu, cha kuwashughulisha waliowahi kufika huku wakubwa wakimaliza chakula chao cha jioni. Dublin walikichukua kitangulizi hicho wakakifanya msingi wa tamthilia ya taifa.

Waliwezaje? Tuutazame Riders to the Sea wa J. M. Synge, ulioigizwa kwa mara ya kwanza mwaka huo huo wa 1904. Mama mmoja wa kisiwani, Maurya, amepoteza mume na wana baharini; amebakiwa na Bartley peke yake, naye anataka kusafiri. Habari hii ingetosha kujaza riwaya ya kurasa mia nne. Synge hakuianza mwanzo. Aliianza mahali ambapo karibu kila kitu kimekwisha kutokea, limebaki tukio moja tu. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: mchezo mfupi si hadithi fupi, bali ni mwisho wa hadithi ndefu. Mtunzi huingia pale ambapo uamuzi hauwezi tena kuahirishwa.

Kanuni ya pili inahusu vitu. Katika chumba cha Maurya kuna mbao nyeupe zilizoegemezwa ukutani, na kuna kamba mpya. Mbao zilinunuliwa kwa ajili ya jeneza la Michael, mwana aliyepotea siku tisa zilizopita. Kamba nayo mama ataka iwekwe kwa ajili ya mazishi hayo hayo. Bartley anaichukua kuwa hatamu ya farasi. Hakuna mhusika anayesimama kutueleza maana ya tendo hilo. Hali kadhalika, dada wawili wanatambua kwamba maiti iliyozikwa mbali kaskazini ni ya ndugu yao kwa kuhesabu mishono ya soksi. Na mwishowe mbao zilizonunuliwa kwa Michael zinakuwa za Bartley. Mchezo mrefu unaweza kuumudu mhusika wa kueleza. Mchezo mfupi hauna nafasi hiyo, basi hukikabidhi kitu kazi ya kusema.

Kanuni ya tatu ni ya wakati. Bartley anaondoka, anazama, na maiti yake inaletwa ndani, yote hayo katika muda usiotimia nusu saa ya maonyesho. Kwa kipimo cha saa jambo hili haliwezekani, na wapo wahakiki waliolilaumu. Lakini hadhira iliyo ukumbini hailalamiki, kwa sababu tangu pazia lilipofunguliwa imekuwa ikiingojea maiti hiyo. Wakati wa jukwaani hupimwa kwa kungoja.

Lady Gregory alitumia kanuni hizo hizo kwa jambo la siasa waziwazi. Katika The Rising of the Moon, ulioigizwa mwaka 1907, sajini wa polisi analinda gati usiku, na bango limebandikwa kutangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayemkamata mtoro wa kisiasa. Mtoro anafika akijifanya mwimbaji wa mitaani. Wawili hao wanaketi juu ya pipa moja, mgongo kwa mgongo; mtoro anaimba, na anapokosea ni sajini anayemsahihisha. Hapo ndipo mchezo unapogeuka. Mtumishi wa serikali ameonyesha kwamba nyimbo za waasi anazijua kwa moyo. Askari wenziwe wanapokuja, sajini analikinga pipa ambalo mtoro amejificha nyuma yake. Hakuna risasi iliyolia, wala hotuba ya uhuru. Na bado hakuna aliyetoka ukumbini bila ya kuelewa.

Tukirejea kwetu, tutaona kwamba Waswahili hawakungoja vitabu ili kuujua mchezo mfupi. Unguja, katika zama za Siti binti Saad, nyimbo za taarabu ziliandamana na maigizo mafupi ya kuchekesha yaliyojulikana kama natiki. Katika pwani kwa jumla kichekesho kiliigizwa katikati ya maonyesho ya taarabu. Hakikuandikwa. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa, kisha wakabuni maneno papo hapo. Kwa kuwa kililazimika kuingia baina ya wimbo na wimbo, hakikuwa na muda wa utangulizi: mume anaingia, mke anashtuka, na watazamaji wamekwisha kufahamu. Basi kanuni ya kuanzia mwishoni ilijulikana pwani kabla ya mwalimu yeyote kuifundisha darasani.

Chimbuko la pili ni ukumbi wa shule. Katika Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, ilikuwa desturi kuigiza mchezo wa Shakespeare kwa Kiingereza kila mwaka. Pembeni mwa desturi hiyo wakatokea wanafunzi waliotunga kwa Kiswahili: Henry Kuria aliyeandika Nakupenda, Lakini..., uliochapwa mwaka 1957, Kimani Nyoike aliyeandika Maisha ni Nini, B. M. Kurutu aliyeandika Atakiwa na Polisi. Na Gerishon Ngugi, ambaye Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi wake ulichapwa mwaka 1961. Tukumbuke majira yenyewe. Kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960 Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, na Kikuyu ilikuwa katikati ya eneo lililobanwa. Kijana kutunga kwa lugha ambayo kuli, mpishi na karani waliielewa, katika mazingira hayo, halikuwa jambo dogo, hata kama mada yake ilikuwa mapenzi.

Chimbuko la tatu ni chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Kiingereza, kwa mashindano ya mabweni ya Makerere, mchezo mfupi The Wound in the Heart. Mpiganaji anatoka kizuizini na kukuta mkewe amenajisiwa na afisa wa Kiingereza. Kwa masimulizi ya Ngũgĩ mwenyewe, mchezo huo ulikataliwa kuonyeshwa katika Jumba la Taifa la Kampala, kwa hoja kwamba afisa Mwingereza hawezi kutenda jambo kama lile. Wanaouita mchezo mfupi zoezi la shule waitafakari hoja hiyo. Haukatazwi mchezo usiomgusa mtu. Kuanzia mwaka 1965, kikundi cha maonyesho ya kusafiri cha Makerere, kikiongozwa na David Cook, kilizunguka Uganda na Kenya na michezo mifupi kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mchezo usiohitaji mandhari nzito huweza kupakiwa garini na kufunguliwa uwanjani.

Michirizi hii inakutana katika kazi za Ebrahim Hussein. Michezo yake Wakati Ukuta na Alikiona ilitolewa katika kitabu kimoja, Michezo ya Kuigiza, mwaka 1970. Alikiona, kwa kisa chake cha mke, mume na hawara, ni ndugu wa kichekesho. Katika Wakati Ukuta mgogoro wa vizazi viwili haukuanzishwa kwa mjadala juu ya mila. Ulianzishwa kwa binti anayetaka kwenda senema. Methali inayobebwa na jina la mchezo inafahamika kwa kila Mswahili, nayo imewekwa mlangoni, si kinywani mwa mzee wa kuhitimisha. Miaka sita baadaye, katika Jogoo Kijijini (1976), Hussein aliupunguza mchezo hadi kubaki na msimulizi, akaurudisha kwenye utambaji wa ngano. Mwandishi aliyekwisha kuandika Kinjeketile hakurudi kwenye ufupi kwa kukosa uwezo.

Tukiyapima hayo, tunaona pia kwa nini michezo mifupi mingi ya Kiswahili hushindwa. Hushindwa kwa mahubiri. Mtunzi hupanga kisa vizuri, kisha katika dakika tano za mwisho humleta mzee, mwalimu au chifu kuwaambia watazamaji yale waliyokwisha kuyaona. Kichekesho cha pwani hakikuwa na haja hiyo, kwa kuwa hadhira yenyewe ilikuwa ikijibu na kuhukumu. Tukumbuke sajini wa Lady Gregory: anabaki peke yake gatini, na pauni 100 zimemponyoka, akijiuliza kama amekuwa mpumbavu. Swali hilo hajibiwi na mtu yeyote jukwaani.

Nasi wahakiki tuna sehemu yetu ya lawama. Tumezoea kuuliza dhamira ya mchezo kabla ya kuuliza tendo lake, na kwa kipimo hicho mchezo mfupi huonekana mwembamba, maana dhamira yake yaweza kuandikwa kwa sentensi moja. Lakini kamba ya Bartley na pipa la gatini hazionekani katika orodha ya dhamira. Huonekana mikononi mwa waigizaji. Mchezo mfupi huchukua nusu saa, na hivyo waweza kuigizwa darasani kabla ya kuhakikiwa. Somo la tamthilia linaloanza hivyo litawapa wanafunzi wetu kitu ambacho muhtasari hauwezi kuwapa, na litautoa mchezo mfupi pembeni ulikoachwa.