Tezi: Mbao Iliyofichwa

Ukitoka Kariakoo kwa miguu, ukapita Mnazi Mmoja mpaka Feri, utakuta mashua za mbao na boti za faiba ufukwe mmoja. Wengi hutazama omo, maana ndiko kwenye majina na rangi. Mimi naangalia tezi, ule ubao bapa wa nyuma unapofungwa injini.

Ubao huo ni mgeni. Mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, ulichongoka mbele na nyuma, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja mji wa biashara wa Rhapta, ambao wengi huuweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Jina lenyewe linatokana na mashua za kushonwa. Tezi bapa huhusishwa na meli za Wareno, waliofika 1498. Karne nne na ushee baadaye ikaja injini ya kupachika, ikakuta mahali pake tayari.

Sasa hapa pana kichekesho. Mbao ya mashua hulowa kila siku lakini hudumu miaka, na si kwa chumvi ya bahari tu. Fundi anaiona. Anaikalafati kwa pamba, anaipaka mafuta, ubao ukichoka anautoa. Boti nyingi za faiba nazo zina mbao tezini, ila imefunikwa pande zote. Maji hupenya kwenye matundu ya boliti za injini, yanabaki humo humo, mbao inaoza gizani huku nje rangi inang'aa. Injini ikianza kucheza, ndani kumeshakuwa uji.

Dawa ya kisasa ni kukwangua mbao yote mbovu, kuacha magamba mawili ya faiba, kisha kumimina katikati resini iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo. Ndani ya saa chache imeganda kama jiwe. Haiozi, kweli. Lakini haifumuliwi tena kama mtepe. Ukikosea vipimo vya dawa ya kugandishia, umekosea moja kwa moja.

Lamu walijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 cha plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa kuwa mbao, na 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ile waliipasua na kuiunga kwa ufundi uleule wa jahazi. Ubao ukivunjika, unatolewa, unawekwa mwingine.